Mpelelezi Yuko Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Sehemu ya Kwanza ya Twin Peaks

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu: anayependa tamthilia za upelelezi atafute sehemu ya kwanza ya Twin Peaks, ya Wamarekani David Lynch na Mark Frost, kisha aniambie ameonaje. Mmeniambia. Wengine mmeniambia kwa ukali. Nimechagua barua chache, na zilizofanana nimeziunganisha.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mrekodi sauti wa tamthilia hapa Dar es Salaam, kwa hiyo usishangae nikisikiliza zaidi ya kutazama. Na muuaji simtaji, hata mkinihonga.

*

Shikamoo Anti. Nimekaa na hiyo tamthilia yako nusu saa nzima. Maiti inaonekana mwanzoni kabisa, baada ya hapo ni vilio mtindo mmoja. Polisi analia, mama analia, baba analia, mwalimu mkuu analia. Mpelelezi sijamwona hata kisigino. Nikazima, nikalala. Nieleze nimekosa nini.
Msomaji wa Kihonda, Morogoro

Marahaba mwanangu. Umekosa mpelelezi kwa dakika chache tu. Anaingia baada ya nusu saa na ushee, peke yake ndani ya gari, anaongea na kinasa sauti chake. Anataja saa, saa tano na nusu asubuhi, na tarehe, 24 Februari. Anataja alichokula mchana na bei yake, dola 6 na senti 31. Anasifia miti. Anaitwa Dale Cooper, mtu wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, na aliyemwigiza ni Kyle MacLachlan. Ukimwona utajua kwa nini walikuchelewesha: anaingia akitabasamu kwenye mji ambao tayari umeshalia. Angeingia dakika ya tatu, tabasamu lile lisingekuwa na uzito wowote.

Lakini swali lako ni la vilio, na hapo ndipo tunapotofautiana. Hebu irudie ile nusu saa, safari hii uhesabu habari inavyotembea. Mzee Pete Martell anatoka kwenda kuvua samaki asubuhi ya baridi. Kando ya maji, karibu na gogo kubwa, anaona kitu kimeviringishwa kwenye nailoni. Anapiga simu kituoni. Karani wa mapokezi, Lucy, kabla ya kumpa simu sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lile, anaanza kumweleza ni simu ipi: ile ya kwenye meza karibu na kiti chekundu, meza ndogo ya duara yenye taa, ile taa tuliyoihamisha kutoka kona ile, simu nyeusi, siyo ya kahawia. Upande wa pili wa waya kuna maiti, na huku tunaelekezwa samani. Mimi hapo nilicheka, nikajisikia vibaya, nikacheka tena. Ndivyo walivyotaka.

Kisha daktari na sherifu wanamgeuza marehemu. Ni Laura Palmer, binti wa shule ambaye mji mzima unamjua. Askari Andy anapewa kamera apige picha, anaanza kulia, na sherifu anamkumbusha kwamba mwaka jana ilikuwa vilevile. Yaani huyu ndiye polisi wao. Katika tamthilia zetu polisi akiona maiti anavuta soksi za mikono na kusema ‘marehemu alikuwa na maadui?’ Andy hana maswali. Ana machozi na kamera.

Sasa njoo kwa mama. Sarah Palmer anamwita binti yake ashuke, haitikiwi. Anapanda juu, kitanda kitupu. Anaanza kupiga simu: kwa mama wa mchumba wa binti, kwa kocha wa mpira, mwisho kwa mumewe, Leland, aliye hotelini na bosi wake wakiwabembeleza wawekezaji wa Kinorwe. Leland anaitwa kupokea simu. Anamtuliza mkewe, na nyuma yake, kupitia dirishani, gari la sherifu linafika. Sisi tunaliona. Yeye bado. Mama naye haoni kitu, yuko nyumbani na mkono wa simu sikioni. Sherifu anaingia, anamkaribia baba, na mama anaelewa kutokana na sauti ya mumewe tu. Hakuna aliyemwambia lolote. Mkono wa simu unamponyoka baba. Kamera haimfuati baba. Inateremka polepole na waya hadi kwenye ule mkono wa simu unaoning'inia, na ndani yake ndimo kinamotoka kilio cha mama, chembamba, kama cha mtu aliyefungiwa kwenye kopo.

Mwanangu, mimi kazi yangu ni hiyo, na nakwambia hakuna athari ya kompyuta iliyowahi kunishika namna ile. Mtu anapokea msiba kwa simu, na wewe unausikia kupitia simu. Sauti ya mama huyo, mwigizaji Grace Zabriskie, imepita kwenye tundu dogo la plastiki, nzito zote zimekatwa, zimebaki nyembamba. Ndiyo maana inauma.

Usizime tena. Anzia shuleni: Donna anaona polisi mlangoni, anaona msichana anakimbia uwanjani akipiga kelele, anaangalia dawati tupu la rafiki yake. Anaanza kulia kabla mwalimu mkuu hajafungua mdomo. Wewe umeita vilio. Mimi naona watu wanapeleleza, kila mmoja kwa macho yake, na kila mmoja anafika kwenye jibu lile lile kwa njia yake. FBI anakuja kukuta kazi ya kwanza imeshafanyika.

*

Anti, mimi ni fundi wa redio na televisheni, nimezoea kusikiliza. Kwenye ile nyumba ya marehemu kuna pangaboi juu ya ngazi. Linazunguka tu. Hakuna kinachotokea, lakini mke wangu aliniambia nizime kwa sababu linamtisha. Pangaboi linatishaje?
Fundi, Makadara, Mombasa

Fundi, mke wako ana masikio mazuri kuliko mimi na wewe.

Kwanza, kumbuka kule ni baridi. Walipiga picha sehemu hii jimboni Washington mapema mwaka 1989, huko juu karibu na Kanada, watu wamevaa makoti na pumzi zinatoka na moshi. Sasa pangaboi la nini? Mtu wa Mombasa hawezi kulishangaa pangaboi, kwetu ni kama mlango. Lakini kichwani tayari unajua kwamba nyumba ile haina joto la kupunguza.

Pili, limeachwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Kitu chochote cha kawaida ukikiangalia kwa sekunde mbili ni samani. Kiangalie kwa sekunde nane, akili inaanza kuuliza kwa nini naonyeshwa hiki. Wamefanya vilevile kwenye taa nyekundu ya barabarani inayobembea usiku kwa upepo, na kwenye misonobari inayoyumba. Hakuna anayefukuzwa, hakuna kisu. Ni upepo tu na taa.

Na hapa niwatolee siri ya kazi. Kimya hakirekodiwi kwa kunyamaza. Kila chumba kina mvumo wake: friji, nyaya, barabara ya mbali, jirani anayepika. Ninapokwenda kurekodi kwenye nyumba ya kupanga, pale Tabata au Kigamboni, kitu cha kwanza nazima friji, na funguo za gari langu naziweka ndani ya friji hiyo hiyo, ili nisiweze kuondoka bila kuiwasha tena. Nyama za watu zisije zikaoza kwa ajili ya mapenzi ya kwenye runinga. Tukimaliza tukio, naomba wote wasimame bila kutikisika nirekodi kimya cha chumba, nusu dakika hivi. Waongozaji wengi wananiona msumbufu. Kuna mmoja aliniambia mbele ya watu, ‘Achana nacho, tutafunika na muziki.’ Nikafunga mashine nikanyamaza, kwa sababu nyumbani watoto wanakula.

Lynch alikuwa mwongozaji wa aina nyingine kabisa. Mvumo wa chumba kwake ulikuwa na cheo sawa na mwigizaji. Sikiliza mwanzoni kabisa: Pete anapotoka na fimbo yake ya kuvulia, honi ya ukungu inalia mbali juu ya maji, na anaitaja kwa sauti, anaiita ya upweke. Sikiliza kiwanda cha mbao: Josie, mwenye mali, anatangaza kwenye kipaza sauti kwamba kazi imesitishwa kwa siku hiyo, kwa sababu ya Laura na kwa sababu binti wa mmoja wa wafanyakazi naye hajulikani alipo. Kiwanda kinachonguruma mwaka mzima kinanyamaza. Halafu angalia tena utangulizi wenye majina: mashine inanoa meno ya msumeno, cheche zinaruka, na wewe husikii chuma hata kidogo, unasikia muziki laini tu. Wamekunyang'anya sauti unayoitegemea, na hukugundua.

Kuhusu huo muziki mmeniuliza wengi. Ni wa Angelo Badalamenti, marehemu sasa. Yeye mwenyewe amesimulia mbele ya kamera jinsi alivyokaa kwenye kinanda cha umeme, Lynch akiwa pembeni yake anamchorea kwa maneno: tuko msituni usiku, kuna upepo mwororo, kuna mwezi, kuna bundi, sasa binti mpweke anatokea nyuma ya miti, polepole, polepole. Badalamenti anapiga papo hapo, anashuka chini kwenye giza, kisha anaanza kupanda kadiri binti anavyokaribia. Walipofika mwisho Lynch akamwambia asibadilishe hata noti moja. Ukisikiliza ukiwa na picha hiyo, utasikia mahali hasa binti anapotokea.

*

Anti habari. Mbili za haraka. Kule mochwari taa inawakawaka mpaka macho yanauma, na kule benki kuna kichwa cha mnyama mwenye pembe kimelala mezani, hakuna anayejali. Ni ishara za nini? Nimesoma maelezo kumi, kila mtu na lake.
Mwanachuo, Dodoma

Salama. Ishara za nini? Za watu waliokuwa macho kazini.

Taa ya mochwari ilikuwa mbovu kweli. Lynch akaipenda, akaiacha. Kwenye tukio mhudumu anaomba radhi, anasema nadhani ni transfoma. Tanzania nzima inaielewa sentensi hiyo. Katikati ya mwanga huo wa kuwaka na kuzima, Cooper anaingiza kibano kidogo chini ya ukucha wa marehemu na kuvuta kijikaratasi chenye herufi moja, R. Jaribu kulifikiria tukio lile na taa nzima, nyeupe, imetulia. Lingebaki somo la maabara.

Na hapo hapo kuna jambo dogo zaidi. Cooper anamwomba mhudumu awapishe. Mhudumu anajibu, ‘Jim.’ Mwigizaji alidhani ameulizwa jina lake! Cooper anarudia ombi, Jim anaelewa, anatoka. Wangeweza kukata warudie. Waliiacha, na matokeo yake ni kwamba mtu aliyesimama kwenye mwanga mbovu kando ya maiti amechanganyikiwa kidogo, jambo ambalo lingempata yeyote kati yetu.

Kichwa cha benki nacho walikikuta kimewekwa mezani kikisubiri kutundikwa ukutani. Lynch akasema kibaki hapo hapo. Karani wa benki anaeleza kwamba kilianguka, basi, wanaendelea na kisanduku cha benki cha marehemu. Cha mwisho kwenye orodha hii ni kikubwa zaidi: mwisho kabisa wa sehemu ya kwanza mama anakurupuka na kupiga kelele, na kwenye kioo nyuma yake kuna uso wa mtu. Huyo alikuwa mpanga samani wa kundi, Frank Silva, alinaswa kwenye kioo bila kukusudiwa. Wakampa kazi ya kuigiza. Sisemi zaidi.

Hayo maelezo kumi uliyosoma, yasome kwa raha zako. Ila ukipata nafasi ya kushika kamera, mtihani ni huu: kitu kinaharibika mbele yako, je, unakiona kabla ya kukikemea?

*

Asalaam aleikum Dada. Nina miaka 22, naandika tamthilia yangu ya kwanza ya upelelezi, mauaji yanatokea Pangani. Nimeandika kurasa 12 za mwanzo, mpelelezi anashuka kwenye basi, mvua inanyesha, amevaa koti jeusi refu. Rafiki zangu wanasema ina hali nzito. Wewe unasemaje?
Kijana wa Tanga

Waaleikum salaam kaka. Nasema kwa koti refu Pangani, mpelelezi wako atakufa kabla ya muuaji kumfikia.

Sikutanii tu. Koti ni hali nzito ya watu wengine. Twin Peaks ina misonobari, ukungu, kahawa na pai ya cheri kwa sababu mji ule unaishi kwa kukata miti na kula kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Waliikuta huko, hawakuiazima. Mandhari ni ya kweli: maporomoko ya Snoqualmie ndiyo yale unayoyaona chini ya hoteli, na mgahawa uko North Bend, mji wa jirani. Pangani una mto unaoingia baharini, una kivuko, una mashamba ya mkonge njiani, una nyumba za zamani zenye kuta nene. Kivuko kinalala saa ngapi? Nani anakuwa ng'ambo gani usiku ule? Mimi ningekaa kwenye gati na maiki yangu usiku mmoja kabla sijaandika neno.

La pili, mtupe mpelelezi wako nje ya kurasa zako 12. Sina maana afutwe. Asubiri. Andika kwanza orodha ya watu wanaopata habari, kwa mpangilio, na kila mmoja anashika nini mkononi wakati huo. Kwenye sehemu hii ni fimbo ya kuvulia, mkono wa simu, kamera, kalamu ya darasani. Kisha andika ni nani anayeharibikiwa biashara kwa msiba huu, kwa maana huwa yupo. Wale Wanorwe unawakumbuka? Audrey, binti wa mwenye hoteli, anaingia chumbani kwao na uso wa huzuni ya kuigiza, anawaambia rafiki yangu ameuawa. Wanakimbia na mabegi, baba yake anabaki anakodoa macho na mkataba wake. Binti anatoa cheko la moyoni. Kwa tukio hilo fupi tumeijua familia nzima.

La tatu, sababu ya mpelelezi kuja. Usiseme ‘ametumwa kutoka makao makuu’ ukaishia hapo. Kwenye Twin Peaks kuna binti wa pili, Ronette, anaonekana akitembea kwenye daraja la reli, nguo zimechanika, akili haipo. Amevuka mpaka wa jimbo. Kwa sheria za Marekani, kuvuka huko ndiko kunakofungua mlango wa FBI. Bila hivyo kesi ingebaki ya sherifu. Hatua za miguu za msichana mmoja ndizo zilizomleta Cooper. Na wewe tafuta kitu kama hicho, kinachotokana na sheria zetu na vyeo vyetu, cha kumtoa mtu wa mkoa au wa Dar kuja Pangani.

Na wacheke. Lucy na simu yake nyeusi, Cooper na bei ya chakula chake. Watu wa msibani hucheka, unajua hilo. Ukiniandikia kurasa zote kwa giza tupu, ukurasa wa 30 nitakuwa nimezoea giza na halinitishi tena.

Nitumie upya ukishaandika. Kurasa za mwanzo tu.

*

Anti, kaka yangu ana nakala ambayo mwishoni muuaji anapatikana. Sasa hizo sehemu nyingine zinahusu nini? Tumebishana mpaka tumenuniana.
Mteja wa siku nyingi, Mbeya

Pataneni. Kaka yako hadanganyi, ila nakala yake ni nyingine. Kampuni iliyokuwa ikiuza kanda Ulaya ilitaka mwisho uliofungwa, ili sehemu ya kwanza iuzwe kama filamu kamili endapo tamthilia isingeendelea. Wakapiga dakika kama 20 za nyongeza. Sehemu ya nyongeza hiyo, ile ya chumba chenye mapazia mekundu, Lynch aliipenda mno akaja kuitumia ndotoni kwenye tamthilia yenyewe. Mwisho ule usiuhesabu. Iliyorushwa na televisheni ya ABC Jumapili ya 8 Aprili 1990, ikatazamwa na Wamarekani milioni 34.6, haina muuaji aliyepatikana. Inaishia na mkono wenye glavu unaofukua mkufu, na mama anapiga kelele. Tafuta hiyo, ina urefu wa saa moja na nusu na dakika chache. Ukipata yenye karibu saa mbili, ndiyo ya kaka.

*

Dada, mwanangu wa miaka 11 anapenda hadithi za polisi. Naweza kukaa naye tukaitazama?
Mama wa Wawili, Bukoba

Hapana, mama. Damu ni kidogo kuliko kwenye taarifa ya habari, lakini maiti ni ya binti wa shule, tukio la ukucha linaonyeshwa karibu, na kadiri tamthilia inavyoendelea mambo aliyotendewa Laura si ya kumweleza mtoto. Subiri akifika kidato cha tano au sita. Wewe itazame akishalala, na ukiwa peke yako nyumbani washa taa ya koridoni.